Ujazo Bora wa Pandikizi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nyota njema huonekana asubuhi! Nimefungua mlango nikamkuta Mjomba kibarazani, na mbwa wake pembeni ananusa makochi ya wateja. Ni mjomba wa mke wangu, lakini mimi pia namwita Mjomba, hasa tangu alipotangaza kwamba amechoka na kazi. Ana karakana pale kona ya barabara kuu. Milango mipana, paa lisilovuja, stoo nyuma. Mimi natengenezea makochi kibarazani. Mvua ikinyesha, sponji zinakunywa maji na mteja anakalia bwawa.

Mbwa anaitwa Pandikizi. Jina dogo zaidi lisingemtosha. Akisimama, kidevu kinafika juu ya meza bila kujinyoosha. Akilala, mlango haufunguki.

Mjomba anakwenda kwa binti yake kutibiwa macho, atarudi wiki ijayo. Akasema karakana anataka kumwachia mtu wa familia. Tuko wawili: mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi rangi. Mtaa mzima unamwita Najua, maana hajawahi kuulizwa jambo akakubali kwamba halijui. Mjomba akasema asiyeweza kutunza mbwa hawezi kutunza karakana. Pandikizi akae kwangu. Akimkuta mzima na mwenye afya, ufunguo wangu. Akimkuta vinginevyo, ufunguo wa Najua.

Nikamwapia Mjomba kwamba mimi na Pandikizi tutakuwa chanda na pete. Wakati naapa, Pandikizi alikuwa anapanda juu ya kochi la mwalimu mkuu. Springi moja ikalia kwa uchungu.

Mke wangu, ambaye ni msusi na hana maneno mengi, akauliza mbwa huyu analishwaje. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Najua amekuja kuazima ngazi. Ngazi anazo tatu! Akamtazama Pandikizi kwa huruma ya mamba. Akauliza ana umri gani. Nikajibu miaka saba, kijana kabisa. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Akasema mbwa wa mbegu kubwa hakai sana duniani. Miaka saba kwake ni uzee, ndevu nyeupe zile si mapambo. Nyonga zinachoka, moyo unapanuka, mifupa inaota uvimbe. Akasema anaweza kuondoka siku yoyote, hata wiki hii. Kisha akaenda zake anapiga mluzi, na ngazi akaisahau.

Kumbe nimeachiwa babu! Akinifia mikononi, nitakufa nikishona chini ya mvua.

Nikakimbilia kwa daktari wa mifugo. Nikamwambia nina rafiki yangu ana mbwa mkubwa. Daktari, mama mmoja wa mabuti ya mpira, akayatazama manyoya kwenye suruali yangu, akasema haya, nikamwambie huyo rafiki. Kwa bahati mbaya Najua safari hii alikuwa anajua. Daktari akasema mbwa wakubwa hukua upesi na huzeeka upesi, na wale wadogo wa kubebwa mkononi wanaweza kuwashinda kwa miaka mingi. Ila mtu anaweza kuwasaidia. Asinenepe, maana uzito unaumiza nyonga na kuuchosha moyo. Alale mahali laini. Atembee taratibu kila siku. Halafu akasema linaloweza kuwaua ghafla kuliko yote hayo ni tumbo, akaanza kueleza namna ya kumlisha.

Hapo akaingia mtu na mbuzi anayepiga kelele. Nikaona nimesikia ya kutosha, nikaaga. Tumbo! Nani hana tumbo?

Jumatano, tarehe 6 Machi

Leo mahali laini. Daktari anasema laini kwa mbwa, mimi laini ndiyo kazi yangu! Nimemtengenezea Pandikizi godoro la heshima. Sponji ngumu chini, sponji laini juu, kitambaa cha mahameli, vifungo katikati. Sponji nimeitoa kwenye kochi la mwalimu mkuu. Ni kwa muda tu.

Pandikizi akalinusa. Akalizunguka. Akalala kwenye saruji, kando yake.

Nikamwonyesha kwa mfano. Nikajilaza, nikajikunja, nikafumba macho. Nilipoamka jua lilikuwa limehama na mke wangu amesimama juu yangu na kitana mkononi. Akauliza kama mgonjwa amepata nafuu.

Mchana mwalimu mkuu akapita kuuliza kochi lake. Nikamwambia mbao zinapumua. Akasema hajawahi kusikia mbao zinapumua. Nikamwambia ndiyo maana makochi ya wengine hayadumu. Akaondoka anatikisa kichwa, ila aliondoka.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimemtembeza Pandikizi taratibu kama tulivyoagizwa. Taratibu mno. Anasimama kila kwenye nguzo kama mkaguzi. Tulipita mbele ya nyumba ambayo Najua anaipaka rangi. Akiwa juu ya ngazi yake, mojawapo ya zile tatu, akapaza sauti watu wote wasikie: shemeji, babu anachechemea! Mafundi wenzake wakacheka.

Maneno yale yameniingia. Mjomba anaona vibaya, na wa kumsimulia atakuwa Najua. Atasema mbwa amekonda. Atasema anachechemea. Kinachotakiwa ni afya inayoonekana, hata kwa mtu mwenye macho mabovu. Afya ya kushikika!

Daktari alisema asinenepe. Lakini daktari hagombei karakana.

Naandika haya Pandikizi ameweka kichwa juu ya mguu wangu. Kichwa peke yake kinazidi uzito wa mtoto. Mguu umekufa ganzi. Sijausogeza.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Leo nimegundua siri ya kulisha! (Haya nayaandika mchana, nina furaha tele.) Mke wangu alikuwa anamgawia chakula kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Kupotezeana muda! Fundi hajazi mto wa kochi kijiko kwa kijiko. Unajaza mara moja, unashona, umemaliza. Nimechanganya wali na mabaki ya nyama kutoka buchani, beseni zima la kufulia. Pandikizi akalimaliza kabla sijanyoosha mgongo. Akanywa ndoo ya maji juu yake.

Hapo hapo nikamfunga kamba na kumkimbiza mbele ya Najua, kwenda na kurudi, mara kadhaa. Hakuchechemea hata kidogo! Najua alinyamaza, jambo ambalo hata mama yake hajalishuhudia.

Baadaye. Maajabu! Tumerudi nyumbani na Pandikizi ananenepa mbele ya macho yangu. Nimempima kwa futi ya kushonea. Nimempima tena baada ya kunywa chai: ameongezeka upana wa kiganja. Nikamminya ubavu kwa dole gumba, kama ninavyopima mto. Umekaza! Ukigonga, unalia kama ngoma. Miaka yote ya kazi sijawahi kupata ujazo kama huu. Nikawaita majirani waje waminye. Muuza duka akaminya, akasema kweli. Mama wa nyumba ya pili akaminya, akasema lakini mbona anadondosha mate. Nikamwambia ni shibe. Mwishowe nikamwita Najua. Akaminya, akaminya tena. Mwenye wivu ajinyonge!

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Jana majirani wakiwa bado wanaminya, mke wangu akarudi kutoka saluni. Pandikizi alikuwa amesimama pembeni, hataki kulala, hataki kukaa. Alikuwa anajikamua atapike na hakuna kinachotoka. Mke wangu akauliza ameanza lini. Nikaanza kumweleza habari za ujazo. Akauliza tena, ameanza lini, kwa sauti ambayo nimeisikia mara moja tu tangu tuoane, siku nilipopaka nyumba lami ili isivuje. Akasema huo si unono, hiyo ni hewa, na mbwa huyu anakufa.

Hatukuwa na gari. Pandikizi hawezi kubebwa na mtu mmoja, wala wawili. Mke wangu akatazama huku na huku, akanyooshea kidole kochi la mwalimu mkuu. Tukamlaza juu yake. Mimi, Najua, muuza duka na mtu wa buchani, kila mmoja pembe yake. Tukapita katikati ya barabara na mbwa juu ya kochi kama mfalme anayekwenda kuapishwa. Watu wakatoka madukani. Mke wangu mbele anapiga kelele njia, njia! Kwenye kona tukakutana uso kwa uso na mwalimu mkuu. Alilitambua kochi lake. Alifungua kinywa. Kisha akamwona Pandikizi macho yanavyomtoka, akafunga kinywa, akaja kushika upande wangu uliokuwa unalegea.

Daktari hakuuliza habari za rafiki yangu. Akasema tumbo limejaa hewa na limejipinda, damu haipiti, tungechelewa kidogo tusingekuwa na la kufanya. Akaitoa hewa kwanza, kisha akampasua, akalinyoosha tumbo na kulishonea kwenye ubavu kwa ndani ili lisijipinde tena. Akiwa ananawa akauliza nani alimpa chakula chote kile halafu akamkimbiza. Najua akanitazama. Muuza duka akanitazama. Nikasema hata mimi ningependa kumjua mtu huyo.

Nilikaa kwenye benchi nje. Niliogopa. Mwanzo nilidhani naogopa kukosa karakana. Halafu nikagundua kwamba karakana nilikuwa nimeisahau kabisa, na ninachokikosa ni kile kichwa kizito kisichokuwepo juu ya mguu wangu. Machozi yakanitoka. Mke wangu aliponiona nikamwambia ni vumbi la sponji. Akakaa karibu yangu, akasema ndiyo, ni vumbi.

Asubuhi hii amefumbua macho. Ametikisa mkia mara moja, akachoka. Ni mzima! Pandikizi ni mzima!

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mjomba karudi, na miwani mipya minene. Bahati yangu hiyo. Sasa anaona kila kitu.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo. Kwamba mshono wa tumboni ni mtindo mpya wa kunyoa. Lakini Najua alishamngojea mapema kituoni, akamsimulia yote, akaongeza na ya kwake. Mjomba akaja moja kwa moja. Akampapasa Pandikizi kuanzia masikio mpaka mkia. Kisha akauliza nani aliyejua kwamba mbwa anakufa.

Nikatazama dari. Najua, kwa mara ya pili katika maisha yake, akanyamaza. Mjomba akamwuliza na yeye aliminya mara ngapi. Akasema mara mbili. Mjomba akamwuliza na alijua nini. Akasema alijua amenuna, yaani amenona, yaani alikuwa hajui.

Mjomba akatoa ufunguo mfukoni. Moyo wangu ukaruka, mjinga huo. Ufunguo ukapita mbele yangu, ukapita mbele ya Najua, ukaingia kwenye mkono wa mke wangu. Akasema karakana ni yake na Pandikizi ni wake, maana katika nyumba hii macho ni mawili tu na yote anayo yeye.

Mke wangu akashukuru kwa adabu, akaniambia papo hapo masharti. Upande wa mbele saluni. Upande wa nyuma makochi, kuanzia na la mwalimu mkuu, bure. Najua atapaka milango. Pandikizi atakula kidogo kidogo, atapumzika baada ya kula, atatembea taratibu kila siku, na mwenye beseni asimkaribie.

Nimekubali yote. Paa halivuji! Mwisho wa yote, nani aliyemleta mbwa kwenye hali ya kuokolewa? Bila mimi, mke wangu angeonyeshaje kipaji chake?

Jumatano, tarehe 13 Machi

Siku ya kwanza karakanani. Pandikizi amelala kwenye saruji, kando ya godoro lake, anakoroma. Mke wangu ana mteja mbele. Nimepata nafasi ya kufikiri.

Daktari amepita kumtazama. Amefurahi. Amesema tukimtunza vizuri anaweza kukaa nasi miaka mizuri bado, ila tuulinde moyo wake, moyo wa mbwa mkubwa unafanya kazi nzito. Amesisitiza kumtembeza taratibu. Akaendelea kueleza kwa nini, lakini mimi nilikuwa nimeshafika mbali.

Moyo unafanya kazi nzito! Sasa kutembea si kazi? Kila hatua anayopiga anaukopa moyo wake. Mbwa asiyetembea kabisa ataishi milele! Jibu ni kochi la magurudumu. Namfunga juu yake, namsukuma mimi mwenyewe asubuhi na jioni, upepo anaupata, nguzo anazinusa, moyo unapumzika. Daktari ni bingwa wa magonjwa, simkatalii. Lakini katika mambo ya magurudumu, nani fundi?

Fremu imekamilika kabla ya chakula cha mchana. Magurudumu nimeyapata humu humu, nimeyang'oa kwenye kile kiti cha kuzunguka ambacho Mjomba alikiacha ofisini. Nimekisimamisha vizuri juu ya vipande vya sponji. Ukikitazama kwa mbali, huoni tofauti yoyote.

Mjomba amesema atapita sasa hivi kuketi kidogo. Nasikia sauti yake mlangoni.