Ndege wa Mama Mkwe

Wapo wanaowahonga wakwe zao mablanketi. Bwana Manyoya, mtaalamu wa jumba la makumbusho, alimhonga mama mkwe wake ndege.

Si ndege wa kuruka. Ni ndege wakavu waliojazwa pamba, wamelala chali ndani ya droo, kila mmoja na kikaratasi mguuni. Wale wa kabati la ukumbini walikuwa na vifua vyeupe. Wale wa kabati la ofisini kwake, lile lisilofunga vizuri, vifua vyao kijivu. Bwana Manyoya akatangaza kuwa hao wa kijivu ni nususpishi, tawi jipya ndani ya aina ileile, akaliita kwa jina la mama mkwe. Toka hapo, akienda ukweni anakalishwa kiti chenye mto.

Siku mtafiti mgeni alipokuja kuhakiki kama tawi hilo linastahili kubaki vitabuni, Bwana Manyoya alimwalika mama mkwe ashuhudie. Mama akaja na kilemba kipya, shingo juu kama mnara.

"Tazama kijivu hicho, ndugu yangu," Bwana Manyoya alimwambia mtafiti, huku akiinua birika la chai kwenye jiko lake la mkaa, pale pale ubavuni mwa kabati. "Mimi ndege namtambua hata kwa kivuli."

"Midomo nimeipima, mabawa nimeyapima. Yako sawa na ya ukumbini."

"Rangi yatosha."

Mama mkwe akainamia droo. "Ndiye mimi huyu?"

"Ndiye wewe, mama."

"Mbona hajaoga?"

"Ndiyo rangi yake, mama."

Mama mkwe amelea watoto chungu nzima; uongo huo alishausikia. Akatoa leso, akailowesha kwa mate, na kabla hajashikwa mkono akampangusa ndege kifua. Leso ikawa nyeusi ti. Ndege akawa mweupe pe.

Mtafiti akalitazama kabati, akalitazama jiko. "Unachemshia chai hapa tangu lini?"

"Tangu niajiriwe," Bwana Manyoya akajibu, kwa sauti ya mbu.

Tawi likakatwa siku hiyohiyo.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Lete maji na pamba. Ukoo wangu haulali na masizi."

Bwana Manyoya akawapangusa wote, mama mkwe akimkagua.

Kile kiti chenye mto siku hizi anakilalia paka. Naye ni wa kijivu, lakini mama mkwe ameshampangusa: hiyo kweli ndiyo rangi yake.