Matone ya Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya nne ya kufukuzwa sebuleni kwangu mwenyewe. Mama mkwe katoka Kamsamba, kafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa Tunduma, sasa analala kwenye kochi nililolinunua kwa jasho langu. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijui hata ana pua ya namna gani! Napitia mlango wa nyuma, nakohoa kwanza, kama mwizi mwenye adabu.

Jicho linamuuma. Analia polepole ili nisisikie. Nasikia. Matone ya maumivu yamekwisha, na kliniki ni Ijumaa. Fausta, mke wangu, mkono unamtetemeka: tone moja jichoni, mawili shavuni.

Nimekwenda kwa Luka, muuza dawa. Kijana mdogo, koti jeupe, anaongea kana kwamba macho yote ya Songwe kayazaa yeye. Kasema dawa hiyo haitoki bila cheti, nimrudishe mama hospitali leo hii, wataandika nyingine. Nikamuuliza ndani ya kichupa kile kuna nini hasa cha ajabu. Akasema, mzee, wewe baki na betri zako. Mbele ya wateja!

Ni kweli, natengeneza maji ya betri. Nusu ya malori kwenye foleni ya mpakani yanawaka kwa maji yangu. Sikufundishwa na mtu. Tutaonana.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma karatasi ya ndani ya boksi la matone yale yaliyokwisha. Dawa yenyewe ni asilimia sifuri nukta moja. Nimepiga hesabu mara mbili. Sehemu moja dawa, sehemu mia tisa tisini na tisa maji. Maji! Na Tunduma nzima nani ana maji safi kuliko mimi? Kumbe miaka yote hii natengeneza dawa ya macho bila kujua, nimebakiza sehemu moja tu.

Sehemu hiyo nimeitoa kwenye kidonge changu cha mgongo. Nimekisaga, nimekichuja kwa bitana ya koti la harusi. Imetoka nyeupe kama togwa. Nimeimimina kwenye kichupa kile kile kilichokwisha, maana kina mdomo mzuri wa kudondoshea, nikakiweka juu ya kabati la jikoni, dawa itulie.

Fausta sijamwambia. Yeye anaamini hospitali tu.

Jumatano, 11 Juni

Kwa kuwa mgonjwa siwezi kumtazama, nimejijaribia mwenyewe. Tone moja, jicho la kushoto.

Nimemwona marehemu baba.

Asubuhi yote kichwa kwenye beseni. Jicho limevimba, jekundu kama nyanya. Nilipotulia nikaona sababu. Jicho langu halikuwa na maumivu! Dawa ya maumivu ikikuta maumivu hayapo, itafanya kazi gani? Halafu machozi yana chumvi, na mimi sikutia. Nimeonja yangu ili nipime. Leo yako mengi. Kesho narekebisha.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwa jicho moja. Mistari inapanda mlima.

Nimerudi kutoka mpakani, nikiwa uani nikamsikia Fausta sebuleni. Anamwambia mama yake, ona, mama, mkweo kanunua dawa kimyakimya, kaiweka juu ya kabati, hata kujisifu hakujisifu. Mama mkwe akasema, kumbe mtu huyu ana moyo, na sisi tulimsema sana siku ya mahari.

Miaka kumi na moja nangoja neno hilo. Nilisimama nikalisikiliza kidogo. Sitaandika ni kidogo kiasi gani.

Kisha nikakumbuka ni kichupa gani.

Nikakohoa. Fausta akasema subiri, Baba Tabita, mama kalala chali, namtia dawa. Nikapiga kelele, acha! Akasema naacha, tone moja tu. Hoja zangu zote za jana zikanitoka. Nikaingia sebuleni na viatu vyangu, nikamvuta mke wangu mkono. Tone likaangukia mto.

Mama mkwe akaketi, akanitazama kwa jicho lile jipya. Nikamtazama. Ana pua ya binti yangu Tabita, ile ile.

Akajifunika kanga. Akamwambia Fausta, kana kwamba mimi ni kabati, kwamba huyu mumeo jicho lake ni bovu kuliko langu, mpelekeni hospitali. Na akipona alete kuku kwa kosa la kunitazama.

Ijumaa, 13 Juni

Kliniki. Tumekaa benchi moja, tumepeana migongo.

Daktari kamwona yeye kwanza. Jicho zuri. Kaandikiwa matone mapya. Mimi akaniuliza nimeingiwa na nini. Vumbi la malori, nikasema. Akamulika, akasema vumbi la malori halina weupe huu. Nikamwambia yote.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema unga wa kidonge hupita kwenye kitambaa, na vijidudu navyo hupita. Mimi umenikwaruza tu, nitapona. Lakini mama ana kidonda cha upasuaji. Tone moja tu, na lile jicho lingekufa. Nilitazama sakafu mpaka akaita mgonjwa mwingine.

Matone yangu nimeyanunua kwa Luka. Kaniuliza kwa upole kama betri hazijambo.

Jumapili, 15 Juni

Kuku kaliwa. Mama mkwe kaondoka jana kurudi Kamsamba, na njiani, wanasema, alikuwa anahesabu ng'ombe wa watu kupitia dirisha la basi. Kanisani nimeshukuru kwa jicho lile, kwa dhati kabisa. Tangu Alhamisi, kila nikifumba macho naliona tone likianguka.

Jicho lake la pili litapasuliwa Septemba. Nimeyatafakari sana maneno ya daktari. Alisema unga hupita kwenye kitambaa. Hakusema kwenye vitambaa viwili.

Fausta kasema safari hiyo mama atafikia Mbozi, kwa mwanawe Sadoki. Masikini mama. Kwa Sadoki hakuna hata chujio.