Gauni la Mama Mkwe Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nzima kavu, bila mteja. Dada mmoja aliingia, nikaruka kitini. Kumbe anaulizia kwa Pindo, fundi cherehani mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, anayejisifu kuwa pindo lake halijawahi kufumuka. Nikamwelekeza kituo cha polisi.

Mchana nilikwenda duka la vitambaa kulalamika. Mwenye duka akanifungua macho. Zamani akitaka kuagiza mzigo alituuliza sisi mafundi. Siku hizi anafungua simu, anaangalia mabloga wa mitindo wamevaa nini, ndipo anaagiza. Bloga akivaa rangi ya haradali leo, keshokutwa haradali imekwisha dukani. Hata foleni ya Pindo ina mwenyewe: Dada Kioo, bloga wa mtaa wa pili, alivaa sketi yake mwezi uliopita. Na mimi siku zote nadhani ni ufundi!

Basi. Dada Kioo atavaa nguo yangu. Mwenye nguvu mpishe, au mvishe.

Jumanne, 4 Machi

Nimemvizia Dada Kioo saluni. Binti ana adabu, ila macho hayabanduki kwenye simu. Amekubali, mradi nguo iwe mpya, imeshonwa kwa ajili yake, na ipatikane kesho. Nikasema ipo tayari. Ulimi hauna mfupa.

Haipo. Kilichopo ni gauni la mama mkwe. Kijani, mikono ya puto, shingo imetariziwa kwa mkono. Analivaa Jumamosi kwenye harusi ya shemeji yangu, kitinda mimba wake. Ameshawatangazia rafiki zake wote kwamba gauni hilo halitakuwa na pacha. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile, na kinaning'inia tu msumarini.

Kuazima si kuiba. Nguo ya mteja ikiwa kwa fundi ni kama mgeni aliyekuja kukaa: ukimtuma dukani mara moja, kuna ubaya gani?

Jumatano, 5 Machi

Siku ya picha. Gauni lilimpwaya Dada Kioo, maana mama mkwe kajaliwa mwili. Nikalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, nikamwomba asigeuke kwa hali yoyote.

Ukuta wangu umebanduka rangi, ungetuaibisha. Wa Pindo umepakwa juzi, mweupe pe. Nikamsimamisha pale. Pindo mwenyewe akatoka, akaleta stuli, akamletea binti wa watu maji ya baridi. Mjinga kweli! Anamfagilia adui njia.

Gauni limerudi msumarini kabla ya jioni. Halina doa wala mkunjo.

Alhamisi, 6 Machi

Picha imetoka! Watu wamelipenda gauni, wanaandika usiseme. Nikaivuta picha nione vizuri. Juu ya kichwa cha Dada Kioo, kibao cha Pindo, na namba yake ya simu, kila tarakimu inasomeka.

Nimempigia Dada Kioo. Akashangaa. Alidhani mimi ni msaidizi wa Pindo, maana yule ndiye aliyeleta stuli kama mwenye mji. Nikamwomba asahihishe. Akasema wafuasi wake hawapendi kuchanganywa.

Foleni ya Pindo imefika kwa fundi viatu. Wote wanataka la kijani. Pindo kanipungia mkono, eti asante jirani. Nimefunga duka kwa hasira.

Kisha simu ya shemeji. Bibi harusi mtarajiwa, na muda wa kushinda mtandaoni anao! Akauliza lile si gauni la mama? Nikasema kijani ni rangi ya watu wengi. Akauliza na ile tarizi ya shingoni, nayo ni ya watu wengi? Mama alikuwa pembeni yake, nasikia anapumua tu. Heri angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amekuja kuchukua gauni lake. Salamu yangu haikuitikiwa. Amesema rafiki zake watatu wameagiza lile lile kwa Pindo. Nikajitolea kuongeza mkanda ili lake liwe tofauti. Akasema nisiguse kitu chake tena. Halafu akalia. Mwanangu, akasema, nilikuwa na siku moja tu.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mke wangu ameuhamishia mto wangu sebuleni.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi. Magauni manne ya kijani katika safu ya mbele. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwaya itaimba saa ngapi. Shangazi mmoja akampongeza mama mkwe kwa kumwiga yule binti wa kwenye simu, tena katika umri wake! Mama mkwe akatabasamu kwa meno tu.

Alipopewa kipaza sauti amwase binti yake, akasema mume huchaguliwa, lakini mkwe huchunguzwa. Ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, mpaka nilipoona wote wamenigeukia.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amenipeleka kwa mama yake kuomba radhi. Nimepiga magoti kwenye sakafu tupu. Mama mkwe akaniacha hapo mpaka alipomaliza chai yake, kisha akanisamehe, kwa sharti. Niape kwamba nguo ya mteja haitatoka dukani kwangu ila mgongoni mwa mwenyewe. Nimeapa, mke wangu shahidi. Nilikaribia kulia kwa furaha. Mto umerudi chumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu ameniachia gauni lake jekundu nibadilishe zipu. Ijumaa anapandishwa cheo kazini, analisubiri kwa hamu. Amesema bado ananiamini. Maneno hayo yamenigusa sana.

Saa nane akapita bloga mwingine, wafuasi mara mbili ya Dada Kioo. Akaliona gauni, akauliza ni la nani. Nikamwambia ni la kwake yeye, limeshonwa kwa ajili yake.

Kiapo nimekipima upya, neno kwa neno. Niliapa kuhusu nguo za wateja. Mke si mteja.