Injini Iliyoolewa Mara Nne

Fundi Wendelin aliposikia kwamba Mama Katarina, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, ana Land Rover ya enzi za mkoloni iliyogoma kuwaka, alifunga sanduku lake la spana siku hiyohiyo. Mtaji wake ulikuwa mmoja tu: injini ya dizeli ya Kijapani. Injini yenyewe ilikuwa nzima kabisa, tena yenye adabu; mwenye kasoro alikuwa fundi. Ilikwisha kuolewa mara tatu bondeni humo, na kila mahari ilipolipwa, Wendelin aliichomoa, akairudisha kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe unayefufua magari?"

"Ndiye mimi. Bodi ya Mwingereza haifi, mama. Tunaipa moyo wa Kijapani, unabeba mpunga kutoka Malinyi huku wenzako wanasukuma yao kwenye tope."

"Wanasukuma kabisa?" Macho ya mama yaling'aa.

"Mpaka jasho!"

Wiki mbili Wendelin alikata vyuma, akachomelea vikalio vipya vya injini, akaunganisha giaboksi ya Kijapani na shafti ya Kiingereza. Boliti na gesi alinunua mwenyewe, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame. Jumamosi asubuhi gari liliwaka, kuku wa jirani wakakimbia.

"Sasa malipo, mama. Halafu Jumatatu naichomoa kidogo. Injini ya Kijapani ikiingia gari la Kiingereza lazima ikae Morogoro siku tatu, ikapimwe."

"Haya. Ila kwanza mgeni wangu aione."

Nyuma ya magunia akatokea Masalu, mfugaji wa Mang'ula, ambaye mwaka uliopita alitoa madume matatu ya ng'ombe kwa injini hiyohiyo, ifungwe kwenye Peugeot yake kuukuu. Injini ilikwenda Morogoro kupimwa, na hadi leo inapimwa.

Masalu hakusalimia. Aliinama chini ya boneti, akafuta grisi kwa kidole. Ubavuni mwa injini palikuwa pamechongwa duara na mikato mitatu, chapa ileile iliyo kwenye mapaja ya ng'ombe wake wote. Masalu hanunui kitu asikitie chapa. Hata redio yake inayo.

"Fundi, huyu ng'ombe ni wa nani?"

Akisema wangu, ni mwizi. Akisema wako, ni mwizi vilevile. Na ua ulijaa wanawake waliosubiri kukoboa.

"Wa... wa mama. Nimemfungia kama zawadi."

"Jamani, mmesikia?" Masalu akawageukia wanawake.

"Tumesikia!" wanawake wakaitikia.

Masikini Wendelin hakujua kwamba wawili hao walikwisha kuelewana tangu siku aliyotia mguu Ifakara: injini ya Masalu, bodi ya mama, mpunga wa wote. Walipungukiwa fundi wa bure tu.

Akanyoosha mkono achukue sanduku lake la spana.

"Hilo liache, mwanangu," alisema Mama Katarina kwa upole. "Sanduku likiingia ua huu lazima likae siku tatu, lipimwe."