Mbwa wa Kubwekea Hodi

Jumatatu, 2 Juni 1975

Nimeitwa kwa balozi wa nyumba kumi kama mhalifu. Mimi, Nikodemu, karani wa ghala, mlipaji wa ada ya chama bila kukumbushwa. Kosa langu ni kufuga mbwa.

Mzee Mwinshehe alinikalisha barazani kwake, akaniuliza hali ya nyumbani, hali ya kazi, hata hali ya mvua. Kisha akanigeukia. Eti mbwa wangu anabweka kila mtu anapopiga hodi. Si kwangu tu, nyumba zote kumi. Mauwa, jirani yangu wa kukaanga vitumbua, amelalamika kwamba wateja wake wanapiga hodi, wanasikia mbwa, wanakimbia na sahani tupu. Hukumu: kufikia Jumapili mbwa awe amechanjwa na awe na adabu. La sivyo ataitwa bwana afya pamoja na mwenzake mwenye bunduki.

Bunduki! Kwa mbwa anayefanya alichofundishwa. Aliyemfundisha ni mimi, na nilimfundisha vizuri. Nilipoibiwa kuku mwezi wa pili nilimsimamisha mke wangu Demetria nje ya mlango apige hodi. Mbwa akibweka, namrushia dagaa. Haikupita wiki akawa hodari. Ni wangapi katika mtaa huu wamewahi kufundisha kitu kikashika?

Mbwa nilimpa jina la Bwanyenye ili chama kijue msimamo wangu. Hata hilo sikushukuriwa.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata ufumbuzi. Ubaya si mbwa, ubaya ni hodi. Watu wakiacha kupiga hodi, mbwa atabwekea nini?

Jioni nilipita nyumba zote kumi nikiwaomba watu wakohoe badala yake. Kikohozi kimoja cha heshima, kisha mtu anaingia. Mmoja akaniuliza kama nina homa. Mwingine akasema kwao asiyepiga hodi huitwa mwizi. Watu hawapendi maendeleo.

Nikaona nioneshe mfano. Nilikwenda uani kwa Mauwa, nikakohoa, nikaingia. Mauwa alikuwa anaoga. Bafu lake la makuti halina mlango, lina gunia tu, na gunia lilikuwa limepeperuka. Sikuona kitu. Maji ya sabuni yalinifika machoni kabla sijaona kitu, na kopo likafuata. Akapiga yowe, mtaa mzima ukajaa.

"Shemeji, kwenu hamna hodi?" akauliza mbele ya watu. Huyo huyo aliyeshtaki kelele za hodi!

Demetria hasemi nami. Bwanyenye amelala miguuni pangu nikiandika. Ni yeye tu aliyebaki upande wangu.

Jumatano, 4 Juni

Leo Temeke, kwa daktari wa mifugo. Kondakta wa basi alikataa mbwa. Nikasogea kituo cha mbele, nikamtia Bwanyenye ndani ya gunia la mkaa na kulifunika na kanga ya Demetria. Tulikaa vizuri kabisa mpaka mama mmoja mwenye kapu alipotaka njia na kusema, "Hodi, hodi jamani." Gunia likabweka. Tukashushwa. Tukaenda kwa miguu, mimi na mbwa mweusi kwa vumbi la mkaa.

Daktari ni mwanamke kijana, jina lake Elinaza. Nilimweleza kuwa nataka dawa ya kuzuia kubweka, ya vidonge au ya maji, yoyote aliyo nayo. Alimtazama meno, akamtazama masikio, akamchoma chanjo ya kichaa, akampa dawa ya minyoo. Kisha akauliza alivyofundishwa. Nikamsimulia habari ya hodi na dagaa, kwa fahari kidogo, sikatai.

Akaniuliza kama yule mwizi wa kuku alipiga hodi. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la polisi.

Akasema mbwa haumwi, mbwa yuko kazini. Nimemwajiri abweke na mshahara namlipa. Nikitaka anyamaze, nimlipe kwa kunyamaza: nisimame nje, nipige hodi, akitulia ndipo apate dagaa. Nimetembea mpaka Temeke kwa miguu kwenda kuambiwa kwamba mwenye matatizo ni mimi!

Dawa ya minyoo ilianza kazi tulipofika Magomeni, mbele ya hoteli ya chai. Hatutapita tena njia ile.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamua kujaribu. Si kwa sababu ya maneno ya yule daktari. Nilikuwa nimeshaliwaza mwenyewe.

Demetria amekataa kusaidia. Ameiona kanga yake. Kwa hiyo nimesimama peke yangu mlangoni kwangu jioni nzima. Hodi. Bwanyenye anabweka, hapati kitu. Hodi. Anabweka. Hodi. Ananitazama, anafikiri, anabweka. Sauti imenikauka. Wapita njia wanapunguza mwendo.

Ijumaa, 6 Juni

Fedheha. Mauwa amewagawia wateja habari pamoja na vitumbua: Nikodemu amefungiwa nje na mkewe, siku ya pili anapiga hodi mlangoni kwake na hajibiwi karibu.

Baada ya sala ya Ijumaa akaja Mzee Mwinshehe na wazee wawili kutupatanisha. Niliwaeleza kwamba nilikuwa namfundisha mbwa. Wakatazamana kwa huruma. Mzee akasema, "Mwanangu, kila nyumba ina mambo yake, usione haya."

Nilitegemea Demetria angesema ukweli. Alijitandia vizuri, akaketi, akawashukuru kwa kuja, kisha akamwaga yote: bafu la Mauwa, kanga na mkaa, na dagaa anaokula mbwa huku binadamu wanakula mchicha mtupu. Wazee wametikisa vichwa. Nimeamriwa niombe radhi na ninunue doti mpya ya kanga. Yaani mimi ndiye niliyepatanishwa!

Lakini wazee walipopiga hodi Bwanyenye alitoa nusu ya mbweko, akaimeza, akanitazama mkononi. Hakuna mwingine aliyeona.

Jumamosi, 7 Juni

Hodi kutwa. Doti ya kanga nimeinunua. Dagaa wamebaki wachache, nimewaweka kwa kesho.

Ninaogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Nimemsafisha masikio kama daktari alivyoagiza, naye akatulia tuli, akaniamini. Hajui bunduki ni nini. Nikifikiria bwana afya akija, nahesabu dagaa upya.

Jumapili, 8 Juni

Ushindi! Na dhuluma, siku moja.

Mtaa mzima ulikusanyika mbele ya nyumba yangu. Mzee Mwinshehe alipandisha kanzu yake mpaka magotini, mbwa asije akaigusa, akapiga hodi. Kimya. Bwanyenye alikaa chini, akatikisa mkia. Akapiga hodi Mauwa, kwa sauti ya makusudi. Kimya. Wakapiga hodi wote kwa zamu, na mbwa akawa anawatazama mikono mmoja mmoja. Mzee akatangaza kwamba adabu amepata na bwana afya hataitwa. Nililia kidogo. Lilikuwa vumbi.

Mauwa alileta sinia la vitumbua, nami nikatoa hotuba juu ya elimu yenye manufaa. Ilikuwa ndefu kiasi. Bwanyenye hakuisikiliza, alikwenda uani kutafuta dagaa.

Tuliporudi ndani, redio haipo. Doti mpya ya kanga haipo. Mwizi aliingia kwa nyuma. Fundi cherehani wa njia panda anasema alimwona mtu akitoka na redio begani, akadhani ni mgeni wangu, maana mbwa alikuwa anamsindikiza mpaka barabarani.

Hakupiga hodi! Mtu anaingia nyumba ya watu bila hata hodi. Malezi gani hayo?

Mzee Mwinshehe ameagiza kwamba kuanzia kesho, magharibi ikiingia, kila nyumba itoe mwanamume mmoja mwenye rungu kulinda mtaa. Atakayeonekana anaruka ua apigwe kwanza, ataulizwa baadaye. Mauwa naye ameazima rungu. Nimewaambia wanitoe kwenye zamu hizo, mimi nina mbwa.

Sasa nimejua alikokosea daktari. Bwanyenye lazima afundishwe kubwekea wasiopiga hodi. Anahitajika mtu wa kuingia kimyakimya. Demetria amekataa kabla sijamaliza kueleza. Basi nitafanya mwenyewe, kesho magharibi. Nitajifunga kitambaa usoni mbwa asinitambue, nitapita uani kwa Mauwa, nitaruka ua. Dagaa watatu ninao mfukoni. Sikuona haja ya kumwarifu mtu, watu wa mtaa huu huharibu kila kitu kwa kuingilia.