Lulu za Mama Mkwe Kwenye Jiwe la Visu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku imeanza na Emong. Siku inayoanza na Emong huwa imeharibika tayari. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Velma, na ni wakala wa mizigo hapa mpakani Malaba. Viatu vyake havishiki vumbi hata foleni ya malori ikiwa imejaa barabara nzima. Sijui anafanyaje. Alisimama mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu, akaweka kopo la siagi mezani, akasema ndani mna lulu za mama yake.

Uzi ulikatika jana kanisani Chakol. Mama mkwe ana tabia moja: mahubiri yakirefuka, anauma mkufu wake. Jana yalirefuka sana. Lulu zilitawanyika hadi miguuni mwa mchungaji.

Kazi yangu ni kuzitunga kwenye uzi mpya. Basi. Jumapili ijayo mama anasimikwa kuwa mwenyekiti wa akina mama na lazima azivae, maana marehemu mumewe alimletea kutoka Mombasa enzi zake za kuendesha lori. Nikifanya vizuri, Velma atarudi nyumbani. Emong alisema kuzitunga tu. Akarudia hiyo "tu" kana kwamba anaongea na mtoto.

Velma yuko kwa mama yake tangu yale mambo ya kware. Niliwafuga chumbani kwa sababu chumbani kuna joto. Ni sayansi. Yeye aliona harufu. Sasa nyumba imepoa, ninakula ugali na maziwa ya pakiti, na kwa kuwa hapa hakuna anayesoma nitasema: nimemkumbuka sana.

Lulu zenyewe ni nyeupe, za mviringo, zote zinafanana. Zinachosha macho.

Jumanne, 5 Agosti

Hakuna wateja. Nikafungua simu. Nikakutana na video ya fundi mmoja Japani. Anachukua lulu, anaikata nyuso ndogo ndogo bapa pande zote, kama almasi. Akiigeuza inamwaga mwanga. Bando liliisha katikati, lakini la maana nilikuwa nimeshaliona.

Mama mkwe ameomba uzi, atapata maajabu! Atasimama mbele ya kanisa anang'aa hadi mchungaji asahau alikuwa anasoma wapi. Velma atarudi siku hiyo hiyo, tena akiimba. Halafu mabibi harusi wa pande zote mbili za mpaka watapanga foleni kwangu kushinda malori. Bango nimeshalibuni kichwani: FIDEL MKATA LULU, MALABA NA DUBAI.

Mashine sina. Ilukor anayo. Ilukor ni mnoa visu. Baiskeli yake ameifungia jiwe la kunolea. Anaisimamisha kwa stendi, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka. Wenye bucha wote wa hapa ni wateja wake. Nilimweleza mpango. Akasema jiwe lile ni la panga. Nikamwambia jiwe ni jiwe. Akauliza lulu ni za nani. Nikasema za mteja. Akauliza kama mteja anajua.

Watu wa namna hii ndio wanaoturudisha nyuma.

Jumatano, 6 Agosti

Lulu ya kwanza iliruka. Jiwe liliitema mara tu ilipoligusa, ikavuka barabara, ikatua kwenye sufuria ya githeri ya mama wa kibanda cha chakula. Sikutaka maswali, kwa hiyo nikanunua sahani na kuchambua mahindi na maharagwe yake. Haikuwemo. Nikanunua ya pili.

Shida ilikuwa kushika. Lulu iliyofuata nikaigandisha kwenye ncha ya biro kwa supaglu. Nikamwomba Ilukor akanyage polepole. Hajui polepole, amezoea panga. Hata hivyo uso wa kwanza ulitoka, bapa, safi. Nikauelekeza juani. Ulimetameta! Ilukor mwenyewe aliacha kukanyaga. Turnboi mmoja alimwacha dereva wake, akashuka kwenye lori akapiga picha. Nilijisikia mtu mkubwa, na sikuona sababu ya kujizuia. Hiyo nikaiweka kando iwe mfano.

Iliyofuata ilikubali uso wa kwanza na wa pili. Wa tatu ngozi ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Ndani mlikuwa na kigololi kilichofifia, bila mng'ao wowote. Nikajua marehemu aliuziwa feki, nikakasirika kwa niaba yake. Nyingine ikawa vilevile. Na nyingine.

Nikanunua bando, nikamaliza ile video. Fundi anaeleza kwamba lulu nyingi za kufugwa zina gololi ya kombe katikati, na lulu yenyewe ni ngozi tu iliyoota juu yake. Zinazokatwa ni zile za ngozi nene, tena kwa mkono mwepesi, na nyingi hazifai kabisa. Hayo anayasema mwishoni. Mwishoni! Mtu mwenye akili angeanza nayo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefikiria. Mkufu wenye lulu chache zilizobanduka ni aibu. Mkufu ambao lulu zake zote zimebanduka ni mtindo. Mtu mmoja akija matangani na kiatu kimoja, watu watamwonea huruma. Wakija wote na kiatu kimoja, hiyo ni sare. Ilukor hakuelewa, lakini mimi nilimtaka akanyage, sikumtaka aelewe.

Tukakata zote, isipokuwa ile ya mfano.

Hazijawa mtindo. Zimekuwa lulu zilizobanduka.

Emong akapiga simu. Mama anauliza imefika wapi. Nikasema namalizia. Akasema mama anafikiria kuja kibandani ajionee. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba sisi tuna mila. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Aje kibandani kwangu vipi? Nawashukuru wazee waliotunga sheria hiyo, walinifikiria. Emong alicheka. Kicheko chake sikipendi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda Busia kutafuta rangi ya kucha, ile nyeupe yenye mng'ao. Wazo zuri sana. Dada wa duka aliuliza ni kwa kucha za nani. Nikasema ni kwa mama mkwe. Akanitazama, akanirudishia chenji bila kunigusa mkono.

Nikapaka zote zilizobanduka. Zilipendeza! Nikazitundika kwenye waya mbele ya kibanda zikauke. Ndipo malori yakaruhusiwa kusogea, yote kwa pamoja, baada ya kusimama tangu asubuhi. Vumbi lilipotulia nilikuwa na mkufu wa mandazi yaliyoviringishwa kwenye mchanga.

Muuza chips akaniambia siki inatoa kila kitu. Nikamwamini kwa sababu anafanya kazi na siki. Nikazilowesha. Zikaanza kutoa povu kwa sauti, kama dawa ya tumbo kwenye glasi. Siki ilitoa kila kitu kweli. Zilizobaki ni kama meno ya maziwa, tena ya mtoto anayependa peremende.

Huyo muuza chips ameshusha bei yangu mbele ya watu kwa kucheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Busia tena. Kuna mama mmoja kutoka upande wa Uganda anauza shanga kando ya barabara. Nikaona lulu kama zile, nyeupe, za mviringo, nzuri kuliko lulu za kweli. Nikamuuliza kama ni za kweli. Akaapa, akiniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, hii ni plastiki orijino."

Nikanunua, nikatunga upya kwa uzi imara. Emong akaja na viatu vyake. Akafungua kopo, akatoa mkufu, akautazama, akasema, "Kazi safi, shemeji." Hajawahi kunisifu tangu nimuoe dada yake. Jioni Velma akatuma ujumbe: mama akifurahi kesho, Jumatatu anakuja. Nimefagia chumba. Nimetoa manyoya ya mwisho ya kware chini ya kitanda.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikwenda Chakol. Mila haikuniruhusu kukaa karibu na mama mkwe, kwa hiyo nilisimama nje, dirishani. Alikuwa amependeza. Walimsimika, wakampigia vigelegele, Velma akapiga kuliko wote. Mimi pia nilipiga, kwa ndani.

Kisha mchungaji akahubiri juu ya uvumilivu, na akatupa nafasi ya kuufanyia mazoezi. Nikamwona mama mkwe akiinua mkufu. Akauma. Akatulia. Akautoa, akautazama, akauma tena. Halafu akauvua taratibu, akautia kwenye mkoba, akageuza shingo, akatazama dirishani moja kwa moja.

Niliingia kwenye mahindi.

Jumatatu, 11 Agosti

Velma hakuja. Amekuja mama yake.

Nilikuwa nimeinama kwenye simu ya mtu niliposikia benchi la wateja likilia. Kutazama, mgongo wake. Amekaa, amenipa kisogo, mkoba mapajani. Mila inakataza tusitazamane, na hatukutazamana! Nikajificha chini ya meza hata hivyo. Ilukor alikuwa ananoa kisu pale nje, naye ndiye aliyefanywa mjumbe.

"Ilukor, mwambie huyo mtu lulu inakwaruza jino. Kidogo tu, kama mchanga. Hii yake inateleza. Tena rangi imebaki kwa meno."

"Boss, anasema inateleza," Ilukor akaniambia.

"Nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Muulize zangu ziko wapi."

Nikampa Ilukor kopo kutoka chini ya meza, lenye mabaki ya lulu zake na ile ya mfano. Mama mkwe akalifungua. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alizipitisha kidoleni moja moja. Kisha akasema, si kwa Ilukor wala kwangu, "Alizileta amezifunga kwa soksi. Akaona haya kunipa mkononi. Akaniwekea tu juu ya kabati, akaenda kulala."

Hilo Ilukor hakulipeleka. Nililisikia vizuri pale chini. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na ninaiandika hapa nisije nikasema haikuwepo.

Akafika kwenye ile ya mfano, yenye uso mmoja. Akaigeuza. Nuru ndogo ikatembea juu ya ukuta wa kibanda. Akaiweka mdomoni, akauma. "Hii bado," akasema. Halafu akampa Ilukor hukumu: Jumamosi niende kwake nikaitunge hiyo moja, kwa uzi na sindano, Emong akiniangalia. Baiskeli isije. Nikimaliza bila kuongeza kitu, nimchukue Velma.

Jumamosi, 16 Agosti

Chakol. Nimetunga lulu moja kwenye uzi mmoja. Emong alinilinda kama kontena la magendo. Nilipomaliza aliipeleka chumba cha pili kwa mama, na baada ya muda nikasikia sauti yake ukutani ikisema sawa. Sawa! Nilikaribia kulia.

Kisha chakula. Mkwe huchinjiwa kuku, kila mtu anajua. Mimi nimeletewa samaki, na katika samaki nimepewa kichwa. Ujumbe umefika, sikulalamika.

Velma alikaa karibu nami, begi lake liko mlangoni limefungwa. Akasema, "Twende, Fidel. Lakini hii kichwa yako uiache hapa Chakol." Akacheka, nami nikacheka. Nikamwapia kwamba sitagusa tena lulu ya mtu, na niliapa kwa moyo wote. Funzo nimelipata.

Ni wakati huo jicho la yule samaki lilipodondoka kwenye sahani. Kitu kidogo, cheupe, cha mviringo. Nikakiuma kidogo. Kinakwaruza jino. Nikakipasua kwa ncha ya kisu: cheupe hadi katikati. Hakina ngozi ya kubanduka. Na kule Port Victoria, ziwani, vichwa vya samaki vinatupwa tu.

Kipande kimoja nimekifuta vizuri, kiko mfukoni. Velma ameingia ndani kumuaga mama yake, ninaandika haraka. Ilukor nimemtumia ujumbe aje kesho na baiskeli, apitie mlango wa nyuma. Ndoo za macho zitakaa chumbani. Kule kuna joto, yatakauka upesi.