Jibini Ndani ya Nepi

Jumatatu, tarehe 4 Juni

Leo nimeanza kuandika. Daftari hili lilikuwa la Baba Bonge, alilinunua kwa ajili ya masomo ya jioni. Aliandika kurasa mbili akastaafu. Zilizobaki ni zangu. Mtu aliye njiani kuwa mkubwa lazima aweke kumbukumbu.

Habari yenyewe hii hapa. Kiwanda cha jibini ya mbuzi, pale Baba Bonge anapoosha ndoo na kupakia gari, kinaweka meza ya kuonjesha getini. Wapita njia waonje, wapende, wanunue. Meneja anataka mpishi mmoja kutoka familia za wafanyakazi. Anayejiona anaweza apeleke vyakula vyake Jumamosi, yeye na wageni wavionje. Na pale kwenye meza pana ua. Mtoto anaweza kuja na mama yake akacheza. Mtoto! Nikamwambia Baba Bonge arudie hilo la mtoto. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Akauliza kama kuna chakula humu ndani au leo tunakula habari.

Maana nisipoipata kazi hii, basi ni kiwanda cha magunia. Huko nafasi yangu ipo. Mji wa mbali, kulala bwenini, nyumbani mwisho wa mwezi. Na Bonge anabaki kwa bibi yake. Mama mkwe ameshanunua kitanda cha mtoto. Ameshakitandika. Ameshakiwekea na mto. Mwanamke mwenye imani kweli!

Bonge mwenyewe hana ubonge wowote. Mwembamba kama njiti ya kiberiti. Jina alipewa na baba yake kwa matumaini.

Mpango: wafanyakazi huruhusiwa kuchukua jibini zilizovunjika. Kuanzia leo, kila mlo jibini. Nimeanza na mayai ya kukaanga. Nikayatia chumvi kama siku zote. Hakuna aliyeniambia kuwa jibini inakuja na chumvi yake toka kwao. Baba Bonge alimaliza jagi la maji. Akasema hiki ni chakula kinachomkumbusha mtu thamani ya maji. Nimeichukua kama sifa.

Jumanne, tarehe 5

Adui amejitokeza. Wifi! Dada yake Baba Bonge, anayekaa na mama yake nyumba ya jirani. Naye anaitaka meza. Aliwahi kusomea upishi mpaka akapewa aproni. Cheti hakupewa, ila aproni tunaiona kila siku, hata akienda dukani.

Asubuhi kaja kuazima chujio. Chujio lenyewe liko hapo mlangoni, lakini macho yake yakaanza safari kutoka sufuria hadi sufuria. Akanihurumia. Akasema, wifi yangu wee, jibini ina wenyewe. Ati siri ni moto. Ukiipasha vizuri inavutika kama uzi, wageni wanabaki midomo wazi. Nikamshukuru. Moyo mweupe namna ile haupatikani.

Mchana nikapika tambi. Nikatia jibini. Nikasubiri uzi. Nikaongeza moto. Nikasubiri. Jibini ya mbuzi haikuvutika. Ilisinyaa, ikakauka, ikawa chengachenga kama mchanga wa mjenzi. Bonge alionja chenga moja, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, kisha akaipa paka. Paka akaondoka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakuwa na wifi. Wangu haishii kwenye nguo, anaingia mpaka jikoni, na chujio anaondoka nalo.

Jumatano, tarehe 6

Leo nimetumia akili. Mama mkwe hagusi kitu cha mbuzi. Kwake mbuzi ni harufu iliyoota miguu. Basi nikawaza: jibini ikimpita huyu bila kugundua, Meneja ni nani?

Nikamwalika chakula cha mchana. Nikaponda viazi, nikatia maziwa kidogo, nikafukia jibini humo. Chumvi sikutia. (Nimeelimika.) Juu nikaweka nyanya na vitunguu vilivyokaangwa. Akala. Akaongeza. Akauliza humu mna nini. Nikasema viazi, Mama. Akasema viazi anavijua tangu hajaolewa, na havijawahi kumsemesha namna hii. Nikasema ni mkono wa mpishi tu. Akautazama mkono wangu, kisha akaitazama sufuria.

Ushindi! Ushindi uliodumu mpaka Bonge alipopanda mapajani mwake. Alikula kutoka mkononi mwa bibi yake mpaka bakuli likalia. Mtoto ambaye kwangu hufunga mdomo kama duka la siku ya mapumziko! Mama mkwe akaniambia, umeona, mwanangu, mtoto akiwa na bibi yake anakula. Viazi vyangu mwenyewe vimetoa ushahidi dhidi yangu.

Baadaye nikawa nakunja nguo za Bonge. Nilitaka tu kujua zitatosha kwenye mfuko upi, kwa tahadhari. Mashati yalikwenda vizuri. Soksi ndiyo iliyonishinda. Soksi moja, ndogo kama kidole gumba. Macho yakajaa maji. Nikainua kichwa, Mama mkwe amesimama mlangoni. Nikamwambia ni vitunguu. Akasema ni kweli, vitunguu vya siku hizi vikali sana, vinamliza mtu hata visipokuwepo.

Mzee wa watu. Ameamini kabisa.

Alhamisi, tarehe 7

Nimepata chakula cha Jumamosi. Vidonge vya jibini! Unaviringisha jibini iwe duara, unaigaragaza kwenye karanga zilizopondwa, unachomeka kijiti. Mgeni anaokota kwa vidole viwili, anajiona tajiri. Viazi ni chakula cha nyumbani, huwezi kumpa Meneja viazi.

Tatizo: jibini ya safari hii laini mno, majimaji. Lazima ichujwe. Chujio liko kwa Wifi. Kwenda kuliomba ni kumpa taarifa za vita. Nikahitaji kitambaa. Cheupe, chepesi, cha pamba, kinachopitisha maji.

Nepi ya Bonge.

Mpya! Naandika hapa ili vizazi vijavyo vishuhudie: mpya kabisa, haijawahi kumwona Bonge wala Bonge kuiona. Hata hivyo mimi ni mtu wa usafi. Niliiloweka kwenye sabuni ya mtoto, ile yenye manukato. Nikaongeza sabuni. Nikaanika. Nikatia jibini, nikafunga fundo, nikatundika kwenye msumari juu ya ndoo. Inadondosha polepole, inapendeza. Kama ningezaliwa zamani ningegundua kitu.

Ijumaa, tarehe 8

Mama mkwe ana ufunguo wa jikoni kwangu. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nilikuwa uani namwogesha Bonge. Nikasikia yowe. Nikakimbia na mtoto mwenye povu. Nikamkuta Mama mkwe kashika kiuno mbele ya nepi imening'inia, imejaa, imetuna, inachuruzika. Akauliza mjukuu wake anaumwa tumbo tangu lini, na kama dawa yake siku hizi ni kuutundika ugonjwa ukutani.

Nikasema ni jibini, Mama. Akasema huko ndiko kuzidi.

Wifi akafika. Miguu ile haijawahi kuharakisha kwenda kisimani, leo ilipaa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na aproni yake. Nikaeleza kuwa nepi ni mpya. Nikaeleza tena. Kuna maneno ambayo kadiri unavyoyarudia ndivyo unavyozidi kuonekana mwongo, na "nepi ni mpya" ni mojawapo.

Walipoondoka nikaonja. Jibini imeshikana vizuri sana, tatizo hakuna. Ila inanukia sabuni ya mtoto. Nikakaa kufikiri. Si watu hulalamikia harufu ya mbuzi? Basi imeondoka! Bila kukusudia nimetibu ugonjwa wa jibini zote za mbuzi duniani. Baba Bonge akaonja kidonge kimoja. Akatafuna taratibu. Akasema ni kama kumbusu Bonge akitoka kuoga. Nimeichukua kama sifa.

Jioni Mama mkwe karudi peke yake. Akauliza jibini iliyobaki, ile ambayo haijaingia kwenye nguo ya mtu, iko wapi, akaitupe. Nikampa. Tena akauliza, kama mtu anayepita tu, kwenye vile viazi vya Jumatano nilitia jibini kiasi gani. Mimi si mtoto. Nikamwambia hamkuwa na jibini hata kidogo. Akasema sawa, basi hiyo ambayo haikuwemo, nilitia vijiko vingapi?

Nikamwambia. Hata sijui alinipataje.

Jumamosi, tarehe 9

Sitaki kuandika. Naandika.

Meza ilikuwa ndefu, kitambaa cheupe, wageni wamevaa. Meneja na miwani yake. Wifi akatangulia. Mkate wenye jibini juu, ameupasha moto, na kuupasha, na kuupasha, anasubiri uzi. Kumbe Jumanne hakunidanganya! Hajui kweli! Nilimhukumu bure, masikini. Mkate ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Nikaomba msamaha moyoni, kisha nikafurahi.

Zamu yangu. Vidonge vimepangwa duara, vijiti vimesimama kama askari. Meneja akaokota kimoja. Akafumba macho. Nikasema moyoni, Bonge, mwanangu, tumepata. Akafumbua macho. Akauliza kwa upole kama vyombo vyangu huwa navisuuza. Mgeni mmoja mnene akasema yeye binafsi amejisikia msafi.

Ningeweza kujitetea. Lakini Wifi, damu ya mume wangu, akaona aibu yake ya mkate mweusi inahitaji kivuli. Akasema si vyombo hivyo, ni nepi. Akaeleza yote. Msumari, ndoo, mchuruziko. Nikapaza sauti kuwa nepi ilikuwa mpya. Watu wakarudisha vijiti kwenye sahani, kimoja kimoja, kwa heshima, kama wanaoweka rambirambi.

Hapo ndipo Mama mkwe alipoingia getini. Bonge mgongoni, sufuria mkononi, imefunikwa kitambaa. Akamshusha Bonge, mtoto akakimbilia uani kufukuza kuku. Akafunua sufuria. Viazi vyangu! Jibini imo, nyanya juu, vitunguu juu. Ameviviringisha viduara, amevikaanga mpaka vikapata rangi, ameviweka juu ya vipande vya mkate. Meneja akala. Akaokota kingine. Akala. Mgeni mnene akala na cha jirani yake. Bonge akarudi, akavuta nguo ya bibi yake, akala mbele ya watu wote, njiti ile ya kiberiti, mashavu yote mawili yamejaa. Meneja akauliza kapika nani.

Mama mkwe akasema, mimi.

Mimi! Mwanamke asiyegusa kitu cha mbuzi! Akaongeza kuwa yeye na jibini ya mbuzi ni marafiki wa siku nyingi. Wakampa kazi palepale. Wakamfunga na aproni mpya.

Nikachukua sahani yangu nikatoka. Njiani nilikula vidonge vitatu. Vilikuwa na ladha ya kichwa cha Bonge. Nikalia. Vitunguu.

Jumapili, tarehe 10

Asubuhi mlango ukagongwa. Baba Bonge anaingia na kitanda cha mtoto kichwani, nyuma yake mama yake na mto. Nikauliza kulikoni. Mama mkwe akasema kulikoni wapi, yeye sasa ni mtu wa kazi. Toka asubuhi mpaka jua kuzama yuko mezani. Mtoto atamweka wapi, kwenye sufuria? Akasema niwapelekee salamu watu wa magunia watafute mwingine. Maziwa na nguo za mjukuu wake ni juu yake. Ila kumlea atamlea mama yake, maana hana kazi nyingine.

Hana kazi nyingine! Matusi ndani ya nyumba yangu!

Nilitaka kumkumbusha kuwa pale pana ua wa watoto kuchezea. Mdomo wangu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ukafanya la maana: ukafunga. Na jana si Bonge alicheza kwenye ua huohuo, mbele ya macho yake! Kashasahau. Uzee huo, unaanza taratibu. Akaniambia pia kila asubuhi nimpondee viazi, yeye hana muda, na pesa ya viazi tutagawana. Halafu akambusu Bonge, akanishika bega, akauacha mkono hapo kidogo, akaondoka haraka. Nadhani alikuwa na aibu.

Na aone aibu. Alitaka mtoto, kapata meza. Kashindwa vibaya. Mpango wangu ulikuwa mzuri toka mwanzo, ulihitaji tu watu kuuelewa. Bonge yuko hapa. Soksi zote ziko kwenye sanduku lake. Sihami.

Nimetafakari kosa la vidonge, kwa haki, bila kujionea huruma. Nepi haikuwa kosa. Sabuni haikuwa kosa. Kosa ni kwamba sabuni ilikuwa kidogo, harufu ikabaki katikati, huku si mbuzi huku si mtoto. Baba Bonge kaleta ndoo nyingine ya jibini zilizovunjika. Nina nepi tatu kabatini, mpya. Mpya!

Bonge amekikataa kitanda. Amelia mpaka nikamtoa, sasa amelala mkononi mwangu, naandika kwa mkono mmoja. Kitanda kimesimama pale, kitupu. Kina kivuli. Kina hewa kila upande. Kina vijiti vizuri vya kufungia fundo.

Kesho natundika.